Kijana wa Misungwi Mbele ya Nguzo za Warumi

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa melini, natoka Mwanza kwenda Bukoba. Askari mmoja aliyerudi karibuni alikuwa akiwasimulia abiria wa daraja la tatu jinsi walivyopita Bahari ya Mediterania, wakashuka pwani ya Libya na kupewa siku moja kutembelea mji wa kale wa Warumi.

"Nguzo za mawe, ndefu kuliko mlingoti ule!" alisema, mkono juu.

Mama mmoja wa Misungwi akamsogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu naye alikwenda huko. Nililetewa barua tu, kwamba amekufa." Akalitaja jina la mwanawe.

Mkono wa askari ukashuka polepole. "Tulikuwa kikosi kimoja, mama. Siku ile sote tulishangaa. Yeye alizigonga zile nguzo kwa kidole, akasema, 'Hizi zimepangwa na watu. Kwetu Mwanza mawe yamepandana yenyewe, wala hayajaanguka.'"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ndiye! Ndiye kabisa! Hakukubali kushindwa hata ugenini. Hebu sema tena, baba."

Askari akasema tena, na tena, mpaka abiria wote tukayajua maneno yale kwa moyo.

Siku hizi nasikia Wazungu wanapanda meli za starehe kwenda kuyatazama magofu yale. Sijui huko wanasimuliwa habari za wafalme gani. Kijana wetu aliyatazama, akayatolea hukumu, na hakurudi.