Msichana Niliyemkalisha Darasa la Tano

Siku ile naikumbuka hadi joto lake, mwanangu. Nilikuwa karani mpya wa shule moja hapa Kisauni, na kwa umri wangu wa miaka ishirini na miwili nilijiona mimi ndiye serikali. Akaja Zahara, msichana wa miaka kumi na saba, mafuriko ya Mto Tana yamewatoa kwao. Nikamtaka vyeti. Akasema vimechukuliwa na maji. Wallahi, bila kumuuliza neno jingine nikamwandika darasa la tano, tena nikajiona nimemfadhili.

Magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Watoto wakawa wanamwita mama. Alivumilia siku nne, ya tano hakuja, nami nikalikata jina lake kwa wino mwekundu. Kiburi cha ujana hicho, kisikupate.

Mwalimu mkuu, marehemu Maalim Saidi, mtu mpole asiyepandisha sauti, aliuona ule mstari. Akaniuliza msichana huyu alifika kidato gani. Nikamjibu hana vyeti. Akaniuliza tena, anataka kufanya kazi gani maishani.

“Binti yangu,” akasema, “umeuliza karatasi. Mtu mwenyewe hukumuuliza.”

Tukaenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kwa shangazi yake, alikofikia. Tulichelewa. Asubuhi ile ile alikuwa amepelekwa Malindi kufanya kazi za ndani. Shangazi akatutolea daftari lake. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu za watoto. Za nyuma alikuwa amechora moyo wa binadamu, kila mshipa na jina lake. Nililia pale mlangoni bila haya. Tulituma salamu Malindi tena na tena, jibu halikuja.

Sasa wewe kesho unakaa mezani kuandikisha vijana wa mafuriko waliohamia Mwakirunge, na shati umeshalipiga pasi. Vizuri. Lakini atakayekuja mpe kiti kwanza. Muulize alisoma mpaka wapi, anaweza nini, anatamani kazi gani. Mpe kalamu akuonyeshe. Mwingine atataka kurudi sekondari, mwingine ufundi wa umeme; usimchagulie, tafuteni njia pamoja. Vyeti mtavifuatilia baadaye, vinatolewa upya. Umri wake hautolewi upya.

Mungu akutie subira ya kusikiliza, na kila utakayemwandika amfikishe anakotaka kwenda. Na Zahara, popote alipo, anisamehe.