Mitego ya Buluu ya Bonde la Lambwe

Niliondoka kwetu Suna, mjini Migori, na hasira moja, nikarudi nazo tele. Ile ya kwanza ilikuwa juu ya ndugu yangu Swaleh, ambaye tunauza naye vitambaa katika duka alilotuachia baba. Mimi nachora batiki: nta, rangi, maji ya moto, vidole kuungua. Swaleh alikuwa akiwaambia wateja, nami nimesimama hapo hapo nasikia, "Hizo za dada ni za kupangusia meza tu, chukua moja iwe nyongeza." Nyongeza! Kwa hiyo mwaka ule, miaka ya tisini, nilipoalikwa kwenye kambi ya wasanii ndani ya Hifadhi ya Ruma, sikutaka kuulizwa mara mbili. Tungekaa huko Januari na Februari tukichora wanyama, nyasi na vilima, na mwishoni wageni wangekuja kuchagua kazi za kupelekwa kwenye maonyesho Nairobi. Nilitaka moja yangu ichaguliwe, Swaleh afunge mdomo. Basi nikafunga virago.

Alfajiri nilitoka Migori, nikapitia Rongo, na jua lilipokuwa limepanda nikawa Homa Bay, ambako pikapu ya kambi ilikuwa ikinisubiri. Tulifuata barabara ya Mbita, kisha tukakata kushoto na kushuka bondeni. Bonde la Lambwe ni pana mpaka macho yanachoka. Nyasi zilikuwa zimekauka, rangi ya chai ya maziwa, na migunga imesimama mmoja mmoja kama watu waliogombana. Kwa mbali vilima vya Gwasi vilikuwa vimejaa ukungu.

Kando ya uzio wa hifadhi niliiona mitego ya mbung'o, nikamwambia dereva apunguze mwendo niitazame vizuri. Asiyeijua nitamweleza. Ni kitambaa cha buluu na cheusi kilichoshonwa pamoja, juu yake chandarua, kikafungwa kwenye mti na kupakwa dawa. Mbung'o anapenda buluu kuliko anavyopenda nafsi yake. Akiiona huja mbio, hugusa dawa, hufa. Asipokufa huingia bomani kumuuma ng'ombe, na ng'ombe huyo hukonda huku anakula mpaka aanguke. Mitego ile niliishona mimi kwa cherehani yangu, kitambaa kikitoka dukani kwetu, pamoja na kikundi cha kina mama wanaoishi mpakani. Aliyeniunganisha nao ni Akinyi, niliyesoma naye Migori tangu darasa la kwanza, na ambaye ameolewa hapo hapo kando ya uzio.

"Hiyo ndiyo askari yetu, madam," dereva alisema. "Tangu iwekwe, ng'ombe inalala."

Moyo wangu ulivimba. Sioni haya kusema hivyo.

Kambini alitupokea Mkurugenzi, bwana mmoja wa Nairobi mwenye kofia pana na sauti ya kubembeleza mtoto. "Karibu sana, dada Rukia," alisema. "Hapa hatuna saa wala kelele. Tunayasikiliza maumbile." Tulikuwa wasanii wachache, wengi wachoraji wa mandhari, na Mzungu mmoja kijana, mchongaji, tuliyemwita Pita. Yeye alipewa hema kubwa lenye pazia, na sheria ilikuwa kwamba kazi yake isionekane mpaka siku ya ufunguzi. Mimi nilipewa kivuli upande wa vilima, mbali na uzio, na mawe matatu ya kuyeyushia nta.

Siku za kwanza zilikuwa tamu, wacha niseme ukweli hata kama nina hasira. Asubuhi moja nilimwona korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu na uso wa mistari mieusi na mieupe, ambaye Kenya nzima hapatikani porini isipokuwa pale Ruma. Alisimama akanitazama kama mama mkwe anayekagua vyombo. Nilimchora tena na tena. Nta ilikuwa inapasuka vizuri na kuacha rangi ipenye kama mishipa, rangi ya kahawia ilikuwa inakaa, nami nikaona kabisa jina langu ukutani Nairobi.

Katikati ya Februari niliomba ruhusa nikamtembelee Akinyi. Mumewe hufanya kazi kwa wavuvi kule Sori na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo boma na shamba viko mikononi mwake. Aliponiona alipiga kelele.

"Yawa, Rukia! Wanakulisha nyasi huko ama?"

"Nyasi ni ya korongo. Sisi tunakula githeri kila siku."

Tukacheka. Lakini nilikuwa nimekwisha kuumwa na mbung'o mara mbili shingoni kabla sijakaa, na ng'ombe zizini walikuwa wakitikisa ngozi bila kupumzika. Nikamuuliza, mitego iko wapi?

"Iliibwa," akasema. Uso wake ukabadilika. "Yote ya huku kwetu. Mwezi jana. Tuliamka asubuhi tukapata miti tu imesimama. Na mwizi namjua."

Akanionyesha kwa kidevu boma la jirani, la Min Atieno, yaani mama yake Atieno. Binti huyo alikuwa ameanza muhula na sketi mpya ya shule, ya buluu. Akinyi alikuwa ameongeza mbili na mbili, akamwita Min Atieno mwizi kisimani, mbele ya kina mama wote.

"Akinyi," nikamwambia, "buluu ile nusu ya Migori inavaa. Mimi mwenyewe naiuza."

"Sasa ni nani? Fisi?"

Na mambo hayakuishia hapo. Kule hakuna anayelima peke yake: huyu huleta plau, yule maksai, wanafunga nira pamoja na kulimiana kwa zamu kabla ya mvua za Machi. Akinyi alikuwa na maksai mmoja tu, Silwal, jina la rangi yake nyekundu. Wa pili alikuwa wa Min Atieno, na plau pia. Baada ya tusi la kisimani, Min Atieno alimtoa maksai wake kwenye nira ile.

Nilimwona Silwal nyuma ya nyumba. Manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, mbavu unaweza kuzihesabu. Alikuwa anatafuna majani lakini mwili haupokei. Daktari wa mifugo alikuwa amekwisha kumdunga sindano, akamwambia Akinyi angoje. Akinyi alimpapasa nundu na kusema taratibu, "Huyu akienda, watoto watakula nini?" Nilirudi kambini nimemlaani mwizi wa vitambaa vile kwa lugha zote ninazozijua.

Siku ya ufunguzi magari yalifika tangu asubuhi. Wageni wa Nairobi wakashuka na miwani ya jua na suti, Mkurugenzi akawapokea kwa ile sauti yake ya maziwa na asali. Batiki zangu tatu zilikuwa zimetundikwa kwenye kamba, na mama mmoja mnene mwenye shanga alisimama mbele ya korongo wangu akasema, "Hii lazima ije Nairobi." Nilitamani Swaleh angekuwepo.

Kisha wakaitwa kina mama wa mpakani kuja kuwachezea wageni. Kikundi chenyewe kilikuwa kile kile nilichoshona nacho mitego. Akinyi alikuwemo, na Min Atieno alikuwemo pia, mmoja mwanzo wa mstari na mwingine mwisho, hawatazamani. Waliimba vizuri. Mkurugenzi akainua mkono, akatangaza kazi kubwa ya kambi yetu, "Pumzi ya Bonde," na pazia la hema la Pita likavutwa.

Ilikuwa buluu. Vipande virefu vya buluu, vimechanwa na kuning'inizwa kwenye fremu ya matawi, vinacheza na upepo mpaka nyasini. Wageni wakasema aah. Nami niliona mshono wangu, ule wa kurudia mara mbili pembeni kwa sababu upepo wa Lambwe hauna huruma.

Wimbo ulikatika. Min Atieno hakuitazama kazi ya sanaa. Aligeuka akamtazama Akinyi.

"Akinyi," akasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "angalia vizuri. Hapo sketi ya mtoto wangu ni gani?"

Akinyi alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Sijawahi kumwona mtu akiaibika vile kwa kosa alilotengenezewa na wengine.

Mkurugenzi hakuelewa kitu. Alikuwa anaendelea kuwaeleza wageni kwamba msanii ametumia takataka zilizookotwa mpakani. Takataka! Nilipita katikati ya viti.

"Nani alikwambia hizi ni takataka?"

"Dada Rukia, tafadhali, tuna wageni."

"Nakuuliza, nani?"

Akanivuta kando, akatabasamu kwa ajili ya wale waliokuwa wanatazama. "Wachoraji walilalamika," akasema chini chini. "Ukikaa kuchora bonde, unaona madoa ya buluu kila mahali. Rangi hiyo haipo kwenye maumbile. Nikaagiza mitego itolewe, na Pita akaomba kitambaa. Mradi wenyewe ni wa zamani, si ndiyo?"

"Uliuliza mtu yeyote? Hata mmoja? Boma la kwanza liko pale, unaliona paa lake!"

Akavua kofia, akaitazama. Pita maskini alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. Akasema yeye aliambiwa tu, na kwamba alivifua kwa sabuni mara tatu kwa sababu vilikuwa vinanuka dawa. Wallahi, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Wameondoa dawa, wameacha rangi! Na mbung'o nao hawakualikwa lakini walikuja. Walikuwa wameanza kutua kwenye Pumzi ya Bonde, na kutoka hapo kwenye shingo za wageni. Bwana mmoja wa suti ya buluu alikuwa anajipiga makofi mwili mzima, anazunguka.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji gani alipona hapa? Nilishika fremu ile nikaanza kufungua vitambaa.

"Usiguse kazi ya msanii!" Mkurugenzi alipiga kelele. Ile sauti ya kubembeleza kumbe ilikuwa na dada yake.

"Msanii ni mimi," nikamwambia. "Niliishona hii kabla hujajua Lambwe iko wapi. Na kazi yake ilikuwa kuua mbung'o."

Mama aliniambia tangu utotoni, hasira hasara. Sawa, nilikuwa tayari kuipata. Kina mama wakaja wakanisaidia, wote, hata Min Atieno. Nilipogeuka, batiki zangu zilikuwa zimekwisha kushushwa kwenye kamba, na mama wa shanga alikuwa anatazama kwingine. Jioni hiyo niliambiwa nafasi yangu kambini imekwisha. Nikabeba sanduku langu hadi kwa Akinyi.

Kesho yake tulijaribu kuunganisha vile vipande, lakini Pita alikuwa amevichana vyembamba mno, havikufaa hata kufungia kuni. Siku iliyofuata Silwal akaanguka, hakuinuka. Akinyi alikwenda kwa Min Atieno kuomba msamaha, nami nikamsindikiza. Alipiga magoti mlangoni. Min Atieno alimwinua, akampa kiti, akampa uji.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini ng'ombe yangu nilishapatia watu wengine hii msimu. Uliniita mwizi, nikatafuta watu wa kulima na mimi. Sasa nitawaambia nini?"

Na alikuwa anasema kweli.

Asubuhi moja, mawingu yakiwa yamejaa juu ya Gwasi, pikapu ya kambi ilisimama mbele ya boma. Mkurugenzi alishuka, safari hii bila kofia. Alisema amesikia habari za ng'ombe, amesikitika mno, kambi nzima imesikitika, na kwamba haikuwa nia yao. Alisema pole mara nyingi. Akinyi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akamnyooshea.

"Asante kwa pole," akasema. "Shamba ndiyo hiyo. Anzia hapo chini."

Mkurugenzi akacheka. Alidhani ni mzaha wa kienyeji. Akinyi hakucheka, mkono wake ukabaki umenyooka na jembe ndani yake, mpaka kicheko cha yule bwana kikaisha chenyewe. Akatazama saa. Akasema dereva anamsubiri, safari ya Nairobi ni ndefu. Vumbi la pikapu lilipotulia Akinyi alikuwa bado ameshika jembe lile vile vile. Nililichukua mimi.

Mimi ni mtoto wa duka. Babu alitoka Mombasa na mita ya kupimia kitambaa, si na jembe. Siku ya kwanza viganja vilitoka malengelenge, ya pili yalipasuka, ya tatu Akinyi alinifunga matambara, nikaendelea. Kila nilipopiga udongo nilimtaja Mkurugenzi kwa jina lake na la baba yake. Akinyi hakutaja mtu, alikuwa anatazama mawingu tu. Tulikuwa tumeanzia juu, karibu na nyumba, na mvua ilianza tukiwa tumefika katikati tu, ikanyesha kwa siku nyingi mfululizo, udongo mweusi wa Lambwe ukageuka gundi.

Nilirudi Suna na matope hadi magotini. Nilipita moja kwa moja hadi kwenye jora la buluu, nikachukua mkasi, nikaanza kukata mitego mipya. Swaleh alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga.

Tangu hapo watu wananiuliza dukani, "Rukia, huko kambini ulijifunza nini?" Wanategemea niwaambie habari za rangi na vivuli. Nawaambia nilijifunza kulima, na sikujifunza haraka ya kutosha. Wanawake wawili na jembe hawafiki anakofika maksai. Nusu ya chini ya shamba la Akinyi haikupandwa mwaka ule.