Nilienda kanisani ili niuone ulimwengu kwa TV ya mjomba

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jamaa aliuliza hapa juzi kama kipindi cha TV kinaweza kumgeuza mtu. Nikaona nisinyamaze. Hii ni ya kweli, na walioiona bado wako kijijini kwetu Kasikeu. Nikiongeza chumvi wataniumbua hapa hapa.

Mwanzo wa miaka ya tisini. Campus imefungwa baada ya mgomo, tumerudishwa nyumbani bila tarehe ya kufungua.

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Nani alisema? Alijuaje? Alipima? Kanisa nilikuwa nimeacha first year, na Mama alilibeba jambo hilo kama maumivu ya mgongo. Hakunigombeza. Kila Jumapili asubuhi aliweka shati langu kwa kiti, limepigwa pasi. Akirudi kutoka ibadani analikunja.

Sasa, kabla ya mgomo nilikuwa nimeona episode ya kwanza ya series moja ya physics na ulimwengu. Moja tu, na sikuwa nalala vizuri. Yule mtangazaji alisema mwanga wa nyota fulani ulianza safari kabla binadamu hajakuwepo, na ndio unafika kwa jicho lako leo. Nilitaka kujua mengine kama mtu mwenye njaa.

Kijijini TV ilikuwa moja, ya Mjomba Musyoka, mdogo wake Mama. Black and white, ya kutumia betri ya gari. Betri inapelekwa sokoni kuchajiwa, inarudi Jumamosi, na nguvu yake ni ya jioni moja tu. Watu walikuwa wengi kuliko viti, kwa hivyo mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliweka sheria: sebule yake Jumapili ni ya waliokaa ibada mpaka mwisho.

Na series ilikuwa Jumapili jioni.

Nilimwambia wazi kwamba nitakuja kanisani kwa sababu ya TV.

"Njoo," akasema. "Mungu hafukuzi wateja."

Nikavaa lile shati.

Wakuu, zile jioni sijui niziandikeje. Kipindi kilikuwa cha Kiingereza, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa natafsiri kwa Kikamba. Jaribu kumwelezea mzee wa miaka sabini kwamba nyota huzaliwa, huishi na kufa. Mmoja aliniuliza, "Na ikifa, nani anazika?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki iliyofuata jibu lilikuja: nyota kubwa ikifa inapasuka, inamwaga vilivyopikwa ndani yake, na chuma chote tulicho nacho kilipikwa humo.

Mtu akagusa kifungo cha chuma cha koti lake.

Mama hakuwa anakuja kuangalia. Alichoona yeye ni kijana wake kanisani, Jumapili baada ya Jumapili, amekaa mpaka mwisho. Aliwaambia wenzake wa mwethya, wale akina mama wanaochimbiana mitaro ya shamba kwa zamu, Mama Mutindi akiwemo, kwamba nimerudi.

Jumapili ya episode ya mwisho, pasta akasema kuna kijana wetu wa university ambaye Bwana amemrudisha. Atoe ushuhuda.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amevaa vazi lake la kwendea harusi za watu, na leso iko tayari mkononi.

Nikisema ndiyo, nimemdanganya mbele ya Mungu wake. Nikisema hapana, nimemwaibisha mbele ya mwethya yote.

Nikasimama. "Mimi sijaokoka. Nilikuwa nakuja kwa sababu ya TV, mjomba anajua."

Mjomba akaanza kuchunguza viatu vyake.

Ningekaa hapo. Lakini maneno yakaendelea yenyewe. Nikasema, "Jembe la Mama lilipikwa ndani ya nyota. Chuma hicho hicho kiko kwa damu yenu. Amelishika tangu nizaliwe na hakuna mtu amewahi kumwambia. Aliyeipika ile nyota simjui. Lakini tangu nisikie hayo, siwezi kuliangalia jembe vile nilikuwa naliangalia."

Pasta akasema tuombe. Macho yalipofungwa nikatoka.

Jioni nilikuwa nyumbani napasua kuni ambazo hazikuhitajika. Mama akatoka amejifunga shuka. "Twende kwa Musyoka."

"Sikukaa mpaka mwisho."

"Mimi nilikaa."

Mjomba alitukuta mlangoni. Alinitazama, akamtazama dada yake mkubwa, halafu akarudi ndani. Tukasikia meza ikikokotwa. Akaileta TV mpaka mlangoni, ikatazama uani.

"Sheria ni ya sebule," akasema. "Nje sijasema kitu."

Kwa hivyo wote waliokuwa ndani ikabidi watoke na viti vyao. Nikatafsiri nikiwa nimesimama. Magalaksi, mamilioni kwa mamilioni, kila moja na nyota zake. Betri ikaanza kuchoka. Picha ikapungua kutoka pembeni, ikawa ndogo, ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo. Ikazimika kabla mtangazaji hajamaliza.

Hakuna aliyeinuka. Giza lilikuwa limeanza kuingia na nyota zenyewe zilikuwa zinatokea juu yetu, moja moja.

Mama alikaa akiangalia juu muda mrefu. Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Na jembe la Mama Mutindi, nalo ni nyota, ama ni letu tu?"

Wakuu, kanisani sikurudi, na shati liliendelea kuwekwa kwa kiti. Lakini tangu jioni ile Mama alikuwa akiniuliza maswali. Nilichojifunza ni kwamba kutojua kunaweza kuketisha watu pamoja, mradi hakuna anayejifanya anajua.

Series yenyewe sijawahi kuona ilivyoisha. Wewe ulikuwa wapi mara ya kwanza ulimwengu ukakuzidi? Tuambie hapo chini, hata kama hukubaliani na mimi.