Akiba ya Shafiki

Kwanza futa hilo tabasamu. Najua unanijua. Mimi ndiye niliyeingiza mbuzi maabara. Mimi ndiye niliyempigia mwalimu wa zamu simu kwa sauti ya mkuu wa shule, nikampa ruhusa aende kwao, na akaenda. Sasa nikikuambia kwamba haya yalitokea, tena yalinitokea mimi, utasema haya, ameanza. Sawa. Cheka umalize, nakungoja.

Umemaliza? Basi sikia.

Shafiki ni mtoto wa shangazi yangu. Wao wanakaa Malukhu, Mbale. Sisi tuko Mpumudde, Jinja. Likizo ikifika, wenzetu wanashinda kwenye mpira, sisi wawili tunarusha ndege. Ndege za kwenye kompyuta, usinitolee macho. Ule mchezo una dunia nzima ndani yake: mto wetu, ziwa mpaka Masese, mlima Masaba na mawingu yake. Kila mtu yuko kwao, lakini unamwona mwenzako angani pembeni yako, na unamsikia masikioni kama amekaa kitandani kwako. Yangu niliipa jina Mandazi Moja. Yake hakuipa jina la mchezo, maana Shafiki hana mchezo.

Huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: mafuta. Kabla ya kuruka lazima apige hesabu. Kuna ya kuwashia injini na kujikokota mpaka mwanzo wa kiwanja. Kuna ya safari. Kuna ya kwenda kiwanja mbadala, yaani kule utakakokimbilia ukikuta ulikokuwa unakwenda kumefungwa. Halafu akiba, ambayo haiguswi. Na juu ya akiba anaongeza nyingine, ya uoga wake tu.

"Hiyo ya mwisho ni ya mazishi," nilikuwa namwambia. "Weka na ya matanga kabisa, Kapteni."

Mimi? Kwenye mipangilio ya mchezo kuna mahali unachagua mafuta yasiishe. Nilichagua siku ya kwanza. Naruka mpaka niitwe kula.

"Kitu kinachoruka bila kula ni jini," Shafiki alinitukana. "Siyo ndege hiyo. Jini na mandazi yake."

Tulicheka. Kumbuka hapo.

Jambo lingine la kushika: mchezo haukuwa na kiwanja Malukhu, wala haukuwa na kiwanja Mpumudde. Shafiki alivichora mwenyewe. Cha kwao alikilaza mpaka kikaishia ukutani kwao, akaweka na bati za nyumba, na tangi la maji lililopinda. Changu alikitandaza mpaka chini ya dirisha langu. "Ili kila mtu atue kwake," alisema. Mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapakuwa na pa kutua, yeye akaweka pa kutua. Hakuna aliyejiuliza nani mwingine alikuwa akipatafuta.

Siku hiyo haukuwa usiku, kama unavyotaka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua linawaka, mama anakaanga samaki, harufu imejaa nyumba nzima. Tuliruka kutoka Mpumudde, mimi nyuma, Shafiki mbele na madebe yake ya uoga. Tulipoukaribia mlima, mawingu yakawa mengi. Hapo sauti ikaingia masikioni.

"Afande. Nani iko hapo?"

Sauti ya mtu mzima, Kiswahili cha kambini, cha askari wa enzi zile, kile ambacho bibi zetu wakikisikia bado wanafunga milango. Nikadhani ni Shafiki, amejifunza utani hatimaye. Lakini Shafiki naye akauliza, "Wewe, ni wewe?" Na kikundi chetu tulikifunga kwa neno la siri. Hakuna wa tatu. Niliangalia kwenye kioo: ndege mbili tu.

"Mimi iko juu ya mawingu," sauti ikasema. "Hapa iko usiku. Mafuta ilikwisha."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi yangu. Nikabonyeza kitufe, nikasema, "Afande, kama mafuta yamekwisha, unashikiliwa na nini huko juu? Maombi?"

 Akajibu polepole, bila hasira.

"Sijui. Nangoja kuanguka. Haiji."

Niamini, samaki jikoni waliendelea kulia kwenye mafuta, nami nikasikia baridi mpaka kwenye kucha.

"Nyamaza, wewe mtoto," Shafiki akanikemea. Alikuwa na kanuni yake, aliyoitoa kwa marubani wa kweli: anayelia hewani hujibiwa kwanza, ukitaka kumcheka utamcheka chini. Na wote mlio karibu mnampisha, hata kama zamu ni yenu. Akabadili sauti, akawa rubani kweli. "Ndugu yangu, nakusikia. Mko wangapi ndani?"

"Tulikuwa wanne. Wengine walichoka kuita. Wamenyamaza."

"Shafiki," nikasema. "Shafiki, mtoe huyo. Zima."

"Mtu hana mafuta, nizime?" Alikuwa amenikasirikia kweli. "Ndugu, kuna kiwanja mbele yako, Malukhu. Tua wewe kwanza. Mimi nina akiba, nitazunguka juu."

Basi nikakiona kitu hicho. Kilitoka kwenye wingu upande wa mlima. Ndege ya kijivu, haina namba wala rangi, na pangaboi lake la puani limesimama tuli. Halizunguki. Na pembeni yake pote, kila ilipopita, palikuwa na giza, kama imekata kipande cha usiku ikakibeba. Jua linawaka Mbale nzima, yenyewe inashuka ndani ya usiku wake. Ikagusa kiwanja bila vumbi. Ikaenda, ikaenda, ikasimama karibu kabisa na zile bati.

Shafiki alilelewa vizuri, hilo ndilo kosa lake. Akasema, "Karibu, bwana. Umefika nyumbani."

"Asante, kijana," sauti ikasema. "Mimi nimeshuka."

Simu yangu ikalia. Shangazi.

"Hebu mwambie kaka yako aache ujinga," akasema. "Umeme umekatika hapa, kompyuta imezima, yeye bado amekaa anatazama kioo cheusi. Nimemwita, amesimama wima kama askari. Huko mnafundishana nini?"

Simu ilikuwa kwenye sikio moja. Kwenye sikio la pili, wakati shangazi anaongea, Shafiki akaniita.

"Mandazi Moja, unaona? Jamaa haondoi ndege yake njiani. Siwezi kutua."

Soma tena hapo. Malukhu hakuna umeme. Kompyuta yake imekufa. Na mimi namsikia, na namwona, ndege yake inageuka taratibu juu ya mji.

"Shangazi," nikasema, "mpe simu."

Ikapokelewa. Pumzi za Shafiki. Koo la Shafiki, na kile kikohozi chake kidogo.

"Nani iko?"

"Ni mimi."

"Ah. Mandazi. Wewe ulinicheka."

Nilimwambia baba usiku huohuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimemaliza kazi ya shule. Nikamwambia mama, akasema Mungu ataninyonga ulimi. Unaona faida ya kuwa mchekeshaji? Nilipolia wakasema sasa nimefikia hatua ya kuigiza.

Tulikwenda Mbale Idi ilipofika. Shangazi alikuwa na furaha! Shafiki haikaribii tena kompyuta. Anaamka alfajiri bila kuitwa, blanketi analikunja pembe nne kama tofali. Anachota maji. Anakula mpaka anakwangua sufuria. Mume wa shangazi, ambaye miaka yote alimwita mwanawe mzigo, akamshika bega mbele yetu akasema, "Sasa huyu ni mtu." Shehe alikuwa amekwisha kuja kumsomea, kwa sababu ya ile siku ya kusimama wima, kijana akaitikia amina kila mahali pa amina. Shehe akasema mtoto mzima, tena ana adabu.

Mimi nilimtazama anavyokaa. Nyumba ile ukiketi uani, mlima unakujaza macho, hukwepi. Yeye aligeuza kiti, akaupa mgongo. Aligeuza kila mara. Na mikono yake ilikuwa baridi kama chupa.

Wakati wa kuondoka alinifuata mpaka getini. Alitabasamu kwa meno ya binamu yangu.

"Ile kiwanja," akasema. "Futa."

"Kwa nini?"

"Yeye iko anaitazama."

Sikufuta. Ningefutaje? Ndipo Shafiki anapongoja kushukia. Na ile ndege ya kijivu bado imelala katikati yake. Nimejaribu kuiondoa kwa kila njia ya mchezo. Mchezo unaniambia hapo hakuna kitu.

Basi kila nikitoka shule nawasha, navaa hedifoni, naruka mpaka juu ya Malukhu. Yupo. Kwake bado ni ile alasiri, jua halijasogea. Mwanzoni alidhani ni dakika chache zimepita, akanilaumu kwamba naondoka ondoka. Nilimwambia zimepita siku, si dakika. Kisha, kwa sababu ni Shafiki, akaanza hesabu. Amepunguza moto wa injini, anaruka polepole kama kunguru mgonjwa, ule mwendo ambao ndege inakunywa kidogo kuliko zote. Ya safari imekwisha. Yale madebe ya uoga, niliyoyaita ya mazishi, ndiyo yaliyomshikilia mpaka mwezi juzi. Sasa yuko kwenye akiba, ile isiyoguswa.

Nilimwambia achukue yangu, mimi yangu hayaishi. "Hayo si mafuta," akasema. "Hayo ni kitufe tu." Halafu akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko kibaya.

Juzi nilimuuliza kitu ambacho hata mjinga kama mimi angekiuliza siku ya kwanza.

"Kapteni, kwenye mpango wako uliandika kiwanja mbadala. Ni kipi?"

 Nilisikia injini yake tu.

"Shafiki. Mafuta ya kufika mbadala bado unayo?"

"Ninayo. Yako pembeni. Sijayagusa."

"Sasa si uende! Ni wapi?"

"Mpumudde," akasema.

Nikatazama dirisha langu. Kile kiwanja alichonichorea, kinachoishia hapa chini ya ukuta.

"Sitatua hapo," akasema. "Hapo upo wewe. Nikitua, wewe utakuwa wapi?"

Nilitaka kusema mzaha. Wallahi niliutafuta, mdomo wangu haujawahi kukosa mzaha. Haukuja.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayecheza na wewe usiyecheza. Usichore pa kutua mahali ambapo hapakuwa na kiwanja. Ukisikia mtu anaita, muulize mafuta. Akikwambia yamekwisha na bado yuko juu, usimhurumie, usimcheke, usimkaribishe nyumbani. Zima. Ng'oa waya ukutani.

Na jambo la mwisho, hili ni kwa mnaonijua. Yule wa Malukhu anazidi kunenepa. Shafiki jana alinisomea kipimo chake cha mafuta, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mafuta ya mbadala hayakai pembeni milele, kuna siku ni kuyatumia au kuanguka. Yeye hataomba. Nimekwisha kumjua, hataomba. Atakayesema karibu ni mimi.

Ukinikuta siku moja nimetulia, nimekunja nguo vizuri, nakusalimu kwa heshima, kisha nakueleza kwa makini jinsi mafuta yanavyopigiwa hesabu, usicheke. Nisalimie binamu yangu aliye ndani. Kisha, ukipata nafasi, angalia juu, uniulize mimi nimebakiza kiasi gani. Mimi sikuwahi kuweka akiba.