Ombi la Dada wa Oda

Ofisini walimwita Bwana Funguo, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa msimamizi wa mfumo wa kompyuta katika kampuni ya kuuza pampu za maji. Kila aliyewasha kompyuta asubuhi aliingia kwa ruhusa yake: nani apokee oda, nani aidhinishe, nani aone bei tu na asiguse kitu. Mfumo ukienda vizuri hakuna aliyemkumbuka. Ukikwama, hata mfagizi alijua chumba chake kilipo.

Aliyemfundisha shughuli za kampuni hiyo ni Dada wa Oda, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi ghalani, aliyepokea oda za wateja tangu zikiandikwa kwa mkono. Mfumo ulipoletwa, Bwana Funguo alikuja na ujuzi wa kompyuta, lakini mambo ya pampu hakuyajua hata kidogo. Dada alimkalisha chini, akamweleza mteja anavyoagiza, ghala linavyotoa, na mahali watu wanapodanganyana. Bila yeye mfumo ule usingesimama.

Ijumaa moja, kabla watu hawajajaa, afisa utumishi aliingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Dada wa Oda tunamwachisha kazi leo. Tutamwita juu jioni. Akaunti yake ifungwe saa kumi, na usimwambie mtu. Masharti yako unayajua."

Aliyajua. Karani mmoja wa utumishi alifukuzwa kwa kuvujisha habari kama hiyo. Kwa haraka akauagiza mfumo uifunge wenyewe saa ikifika. Akaandika kumi. Mwanamume mzima, na ukongwe wote ule kazini, akasahau kwamba mashine huanza kuhesabu usiku wa manane, na kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi!

Saa nne haijapoa, Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshatuma ombi la msaada kwenye mfumo kwa kompyuta ya mwenzake, maana Bwana Funguo ndiye aliyeweka sheria kwamba bila ombi hamhudumii mtu.

"Mdogo wangu, umenifungia nje kama paka," alisema akicheka.

"Mfumo unasumbua leo, dada."

"Basi nasubiri hapa hapa." Akavuta kiti. "Nina barua pepe ya kujibu leo. Wale wateja wetu wa visima wananitaka nikawasimamie stoo yao. Nawaambia hapana. Niwaache nyie niende wapi? Na wewe hapa nani atakutetea?"

Bwana Funguo akapiga hesabu. Akimfungulia, Dada angejinyima kazi kwa mkono wake mwenyewe. Asipomfungulia, huenda angechoka, jibu likangoja mpaka jioni. Akajidai kubofya hapa na pale. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu: subiri. Subiri, dada, usiwajibu leo. Hata sababu asingelazimika kutoa. Neno likamfika kwenye ulimi, akalimeza. Mimi simpambi, alikuwa mwoga.

"Aa, wewe na mashine zako mtanizeesha bure," Dada alisema, akatoa simu.

Akawapigia pale pale, mbele yake. Aliwashukuru sana, akawaambia hapana, akawatakia wapate mtu mwingine mzuri. Bwana Funguo alisikia kila neno huku amekazia macho kioo cha kompyuta.

Saa kumi ya kweli Dada aliitwa juu. Aliposhuka alikuwa amebeba boksi dogo lenye kikombe chake na kandambili za ofisini. Alisimama mlangoni kwa Bwana Funguo.

"Kumbe asubuhi mfumo ulikuwa mzima," alisema. Akaondoka na boksi lake.

Ombi lake bado lipo. Kila ombi lazima lifungwe kwa kuchagua sababu, na sababu zenyewe alizipanga Bwana Funguo: limetatuliwa, halikuwa tatizo, mwombaji hayupo tena. Ameshindwa kuchagua. Kila asubuhi linamtokea juu kabisa, jekundu kwa kuchelewa: Mdogo wangu, naomba unifungulie. Mkuu wake humuuliza mbona hilo moja haliishi. Humjibu kwamba bado analishughulikia.