Apdeti ya Siku ya Msiba

Mpaka leo sielewi kwa nini kitu kinachofanya kazi vizuri lazima kibadilishwe. Gemu langu la kasino, lile la matunda yanayozunguka, halikuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nimelipakua kwenye simu na nililicheza kwa sarafu za bandia tu, sikuweka hata shilingi. Lakini kila nilipolizoea lilinigomea: "Toleo hili limepitwa na wakati." Nikiapdeti, bando linakwisha, vitufe vimehamishwa, sarafu zangu zimefutwa, na zile kelele za ushindi nilizozizima zimerudi. Nazizima tena. Baada ya muda, hadithi ni ileile. Mimi nauita huo uchokozi.

Aliyenifundisha gemu lenyewe ni rafiki yangu, mwenye duka la pembejeo pale Makandana. Mvua ya Tukuyu ikishaanza haina haraka ya kuondoka, nasi tulikaa nyuma ya magunia ya mbolea, kila mtu na simu yake, tukizungusha matunda na kutaniana. Yeye aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kwaya hiyo. Kanisani kwetu kamari ni kamari, iwe ya shilingi au ya kujifurahisha, kwa hiyo jambo hilo lilibaki letu wawili. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Siku moja tulikuwa na msiba Kawetele, amefariki mama mzazi wa mwanakwaya wetu wa sauti ya kwanza. Kabla ya kuondoka nilimpitia rafiki yangu dukani, nikamlalamikia kwamba gemu limegoma tena na bando sina. Akaniwashia intaneti ya simu yake, akasema niapdeti palepale, yeye alishaliweka toleo jipya tangu jana yake. Nikamuuliza kuhusu zile kelele. Akanihakikishia kwamba hili la sasa limetulia, halina fujo. Nikaapdeti huku tukinyooshana tai.

Kawetele watu walijaa mpaka migombani. Jeneza likatolewa nje. Huwa natafuta sauti ya kuanzia wimbo kwa kinanda kilichomo kwenye simu, kwa hiyo spika nilikuwa nimeiweka juu kabisa. Nikainua mkono, wanakwaya wakavuta pumzi, na simu ikatoa sauti ya mwanamke mchangamfu: "Hongera, bingwa! Zawadi yako ya leo iko tayari!" Nikaigusa ili inyamaze, gemu likafunguka lote. Sarafu zikaanza kumwagika. Nikatafuta kitufe cha kuzima pale nilipokizoea, walikuwa wamekihamisha.

Bibi mmoja aliyekaa karibu na jeneza akauliza kwa Kinyakyusa ni nani ameshinda, na ameshinda nini.

Nikamgeukia rafiki yangu. Sijui nilitaka afanye nini, labda aishike ile simu, labda anitazame tu kwa huruma. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, kamari tena? Mpaka msibani?"

Alisema kwa sauti ambayo hata wafiwa waliisikia. Kisha akatoka kwenye mstari wa besi, akaja kusimama mbele yangu, akaanzisha wimbo. Aliuanzisha juu mno, na bado wakamfuata.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa waliniita. Walinisema kwa upole, na upole wao uliniuma kuliko kufokewa. Wakaniomba nipumzike kufundisha kwaya, kwaya niliyoilea tangu ilipokuwa haina hata sare, wakaniambia nafasi yangu ataishika rafiki yangu huyohuyo. Nikatoka pale. Gemu nililifuta njiani, na simu ikaniuliza kama nina uhakika.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Alinikaribisha kiti kama siku zote, palepale nyuma ya magunia. Sikukaa. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba lile gemu ni letu sote, kwamba hata intaneti ya kuliapdeti ilikuwa yake. Alipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Ningesema ingesaidia nini? Ulitaka tuaibike wote wawili?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Wote wawili."