Mwanga Niliompelekea Dada Mchombe

Nilikwenda Mchombe, kijijini kwetu bondeni, kwa sababu ya macho ya dada yangu Sabina. Yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa mpunga wake, na alikuwa amenitumia salamu kwamba macho yanafifia. Nilitaka aione kazi niliyoisomea kabla hajapofuka.

Asubuhi nilipanda treni Dar es Salaam nikiwa na kiboksi changu. Ndani yake mlikuwa na taa ndogo ya leza, vioo viwili vyembamba vilivyogundishwa, na katikati kimiminika cha aina ile inayoonyesha tarakimu kwenye saa za kisasa. Ukipitisha umeme, kimiminika hujipanga mistari mistari, na mwali wa leza ukipita hapo hugawanyika kuwa vidoa vingi ukutani. Ukizungusha kitufe, vidoa vinawaka au kufifia upendavyo. Nilikitengeneza masomoni ng'ambo, na mashine zake zimebaki hukohuko.

Ifakara nilinunua betri, nikapanda lori.

Mchombe niliingia giza limeshatanda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja na ile taa yako?"

Nikajaribu papo hapo. Doa moja tu. Nikalalamika kwamba betri hazina nguvu.

"Usijali," akasema. "Kesho zitapata moto."

Kesho yake nilitoka kutafuta betri nyingine, nikakosa. Niliporudi, kiboksi kilikuwa juu ya bati la jiko, juani, pamoja na betri za redio. Bonde zima hufanya hivyo, betri ikichoka inaanikwa. Gundi ilikuwa imeachia, kimiminika chote kimevuja.

"Zimepata moto?" akauliza kwa furaha.

"Zimepata, dada."

Jioni nikamkalisha kwenye kigoda, nikamulika ukutani. Doa moja lilelile.

"Unaona?"

"Naona! Mbona vingi hivyo? Vizuri kweli."

Uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni. Ukuta ulikuwa mgongoni kwake.

Siku ya kuondoka, mama Rehema, jirani yetu, alinisindikiza barabarani. "Haoni tangu mavuno ya mwaka juzi," akaniambia. "Alitukataza tusikwambie, usije ukaacha masomo."

Treni ilipita kwenye miwa ya Kidatu nami nalia waziwazi mbele ya abiria. Nilichojifunza safari ile ni kwamba wakati najifunza kuugawa mwanga kule ng'ambo, dada yangu alikuwa amekaa gizani, akiningoja nimalize.